Kupima joto la ngozi wakati wa tiba ya baridi: hatua kwa hatua, kuanzia kihisi hadi jedwali

Maswali yanayorudi kila mara ni yale yale. Kipimajoto cha infraredi kinatosha? Kihisi kikae juu ya taulo au chini yake? Kwa nini watu wawili waliowekewa barafu ileile kwa muda uleule wanatoa namba zinazopishana kwa nyuzi tano au sita? Mwongozo huu unayajibu kwa vitendo. Ni wa mwanafunzi wa fiziotherapia, muuguzi, mkufunzi wa michezo au mtafiti anayeanza, anayetaka kujua ngozi inapoa kiasi gani na kwa kasi gani inapowekewa barafu, pakiti ya jeli au maji baridi.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: kihisi hakipimi ngozi. Kinapima joto lake chenyewe. Kazi yako yote, kuanzia plasta unayobandika hadi saa unayoisoma, ni kuhakikisha joto la kihisi na joto la ngozi haviachani. Vikiachana, mashine haitakuambia. Itaendelea kuandika namba zenye desimali mbili, safi kabisa, ambazo si za ngozi.

Namba chache za kuwa nazo kichwani

Katika chumba tulivu, ngozi ya paja au goti la mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa kati ya 28 na 33 °C. Kifua na tumbo huwa na joto zaidi. Vidole hubadilika sana, kwa hiyo usivitumie kujifunzia.

Wanaofanya tiba ya baridi hutumia viwango vitatu vya joto la ngozi kama shabaha: chini ya 13.6 °C hivi ndipo maumivu hupungua kutokana na ganzi ya eneo, karibu 12.5 °C kasi ya mishipa ya fahamu kupitisha taarifa hupungua kwa takriban asilimia 10. Na kati ya 10 na 11 °C ndipo inapotarajiwa shughuli za kikemia za tishu kushuka vya kutosha kusaidia baada ya jeraha. Tazama jinsi viwango hivyo vilivyo karibu. Kosa la nyuzi moja tu linaweza kukufanya useme tiba imefika mahali ambapo haijafika.

Na ngozi si msuli. Joto la ngozi halikuambii joto la msuli ulio chini yake, hasa penye mafuta mengi. Msuli huendelea kupoa kwa muda hata baada ya barafu kuondolewa, wakati ngozi tayari inapanda. Ukipima ngozi, andika kuhusu ngozi.

Nani asiwekewe baridi

Uliza kabla ya kufungua sanduku la vifaa. Usimpime mtu mwenye ugonjwa wa Raynaud (vidole hukosa damu na kuwa vyeupe penye baridi), mzio wa baridi (ngozi kuvimba au kutoka mabaka ikiguswa na kitu baridi), krayoglobulinemia (protini za damu huganda zikipoa), hemoglobinuria inayochochewa na baridi (chembe nyekundu za damu huvunjika na rangi yake kutoka kwenye mkojo), selimundu, au mzunguko hafifu wa damu miguuni na mikononi. Mtu aliyepoteza hisia za ngozi, kwa mfano kutokana na kisukari kilichoharibu mishipa ya fahamu, hawezi kukuambia kwamba anaungua kwa baridi, kwa hiyo naye usimpime. Vidonda vilivyo wazi, hapana.

Yapo pia maeneo mawili ya kuepuka hata kwa mtu mwenye afya: upande wa nje wa mguu chini kidogo ya goti, na upande wa ndani wa kiwiko. Hapo mshipa wa fahamu umepita juujuu, karibu na ngozi, na barafu iliyobanwa inaweza kuuumiza.

Kama unakusanya data za utafiti, pata kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya maandishi kwanza. Kibali hakiombwi baada ya kupima.

Vifaa vya kuandaa

- Vihisi vitano au sita vya aina moja. Themista (kihisi ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika na joto) ndogo, bapa, zisizoingiza maji ndizo bora kwa anayeanza, kwa sababu nyingi zina usahihi wa ±0.1 hadi ±0.2 °C. Themokapo (waya mbili za metali tofauti zilizounganishwa kwenye ncha) ya aina T inafaa pia na waya wake unaweza kuwa mwembamba sana, lakini usahihi wake wa kiwandani ni kama ±1 °C. Aina K ni ±2.2 °C, ukilazimika kuitumia, ukaguzi wa hatua ya 1 ni wa lazima.
- Kirekodi data chenye njia nyingi, kinachoweza kuandika kila sekunde 5 au 10.
- Kipimajoto cha rejea chenye cheti cha ukaguzi, cha kulinganishia.
- Plasta nyepesi inayopitisha hewa, upana wa sentimita 2.5.
- Chupa ya themosi yenye mdomo mpana, barafu iliyosagwa na maji yaliyotoneshwa (yaani distilled; maji safi ya kuchemsha yaliyopoa yanafaa kwa mazoezi).
- Mizani ya jikoni, mifuko ya plastiki minene, bendeji ya kuvutika, taulo dogo jembamba.
- Kalamu ya kuchora ngozi, utepe wa kupimia, na koleo la kupimia unene wa mkunjo wa ngozi.
- Saa moja tu. Saa ya kirekodi ilingane na saa unayoitazama. Tofauti ya nusu dakika huharibu hesabu ya dakika tano za mwanzo.

Vipo pia vihisi vidogo vya umbo la kitufe vinavyorekodi bila waya. Ni rahisi kuvaa na vinafaa kufuatilia ngozi kwa saa nyingi. Lakini ni vinene na huchelewa kufuata mabadiliko ya haraka, kwa hiyo chini ya barafu vitakupa mstari uliolainishwa kuliko ulivyo kweli. Vitumie kwa kipindi cha ngozi kurudi kupata joto, si kwa mporomoko wa mwanzo.

Hatua

1. Kagua vihisi kwenye barafu na kwenye maji ya vuguvugu.
Jaza themosi barafu iliyosagwa hadi mdomoni, kisha mimina maji yaliyotoneshwa yajaze nafasi zilizobaki kati ya vipande. Barafu lazima ifike hadi chini ya chupa. Ukiona barafu inaelea na chini kuna maji matupu, mwaga maji na uongeze barafu: maji mazito kuliko yote ni ya 4 °C, nayo hutulia chini, kwa hiyo kihisi kilichozama sana kitasoma 3 au 4 ukidhani kina kasoro. Funga vihisi vyote pamoja kwa mpira, vizamishe angalau sentimita 8, visiguse kuta. Koroga, subiri dakika 5, halafu rekodi dakika 3. Chukua wastani wa kila kihisi.

Rudia kwenye maji ya karibu 35 °C, vihisi vikiwa bega kwa bega na kipimajoto cha rejea, ukikoroga muda wote.

Tuseme kihisi A kilisoma 0.4 kwenye barafu, na 35.2 wakati rejea ilikuwa 35.0. Toa 0.4 kwenye kila kipimo, kisha zidisha kwa 35.0 ÷ 34.8, yaani 1.0057. Sasa fikiria siku ya kazi kihisi hicho kimeonyesha 13.8 chini ya barafu. Ukiisoma hivyo, utaandika kwamba shabaha ya 13.6 haikufikiwa. Ukirekebisha unapata 13.5: imefikiwa. Ndiyo maana hatua hii haiachwi.

2. Tuliza chumba.
Chagua joto kati ya 22 na 24 °C na ulishikilie lisibadilike zaidi ya nyuzi 1 kwa muda wote. Zima feni, funga dirisha, zuia jua lisimpige mshiriki wala kirekodi. Kihisi kimoja kining'inie hewani, mita moja kutoka kwa mshiriki, kwa ajili ya chumba chenyewe. Unyevu wa hewa uandikwe.

3. Muandae mshiriki tangu jana yake.
Asinywe pombe kwa saa 12. Asivute sigara, asinywe kahawa wala chai, na asifanye mazoezi mazito kwa saa 3 au 4 kabla. Asioge maji ya moto asubuhi hiyo. Asipake mafuta wala losheni mahali pa kipimo. Mafuta huzuia plasta kushika na hubadilisha jinsi ngozi inavyotoa joto. Nywele nyingi zinyolewe siku moja kabla, si siku ileile, kwa sababu wembe huacha ngozi ikiwa nyekundu na yenye joto. Kama utampima tena, iwe saa ileile ya siku: joto la mwili hupanda na kushuka kwa mzunguko wa saa 24.

4. Pima mkunjo wa ngozi.
Bana ngozi mahali kihisi kitakapokaa, soma koleo baada ya sekunde 2, fanya mara tatu, chukua namba ya katikati. Haimalizi dakika mbili. Mkunjo huonyesha unene wa mafuta chini ya ngozi, na bila namba hiyo hutaweza kueleza tofauti kati ya mtu na mtu.

5. Weka alama.
Kwa kujifunzia, paja la mbele ndilo bora: ni pana, tambarare na halina mshipa wa fahamu wa hatari juujuu. Mshiriki akiwa amelala chali, pima kutoka ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga hadi ukingo wa juu wa kilegesambwa, na uweke alama katikati. Hapo ndipo kihisi A. Kihisi B kiwe sentimita 3 pembeni, bado chini ya eneo la pakiti. Kihisi C kiwe sentimita 3 nje ya ukingo wa pakiti. Kihisi D paja la pili, mahali palepale.

Paja la pili ni la kufuatilia tu, si ushahidi kamili kwamba hakuna kilichobadilika. Mwili hukaza mishipa ya damu hata upande usioguswa na baridi, kwa hiyo D inaweza kushuka kidogo yenyewe bila kosa lako.

6. Bandika vihisi. Hapa ndipo vipimo vingi hufia, kwa hiyo usiharakishe.

Safisha ngozi kwa spiriti na uache ikauke kabisa, angalau dakika 2. Spiriti inayokauka hupoza ngozi. Laza kihisi upande wake bapa uguse ngozi. Kisha ulaze waya juu ya ngozi kwa sentimita 5 nyingine kabla haujainuka kwenda kwenye kirekodi. Waya unaoinuka moja kwa moja kutoka kwenye kihisi hupitisha joto la pakiti au la chumba hadi kwenye ncha, na kipimo huvutwa kuelekea huko.

Bandika kipande kimoja cha plasta, kifupi, kipite juu ya waya nyuma ya ncha, na kingine chembamba kigusie ncha yenyewe. Usifunike ncha kwa tabaka tatu za plasta nene. Kufanya hivyo ni kuivisha kanzu: kabla ya barafu itasoma joto kuliko ngozi jirani, na barafu ikija itachelewa kupoa. Tumia urefu uleule wa plasta kwa kila mshiriki. Kata vipande vyote kabla ya kuanza, uvipange ukingoni mwa meza.

Usitie jeli ya ultrasaundi wala mafuta chini ya kihisi ili "kishike vizuri". Hutengeneza tabaka la maji linalopoa kwa namna yake.

7. Subiri ngozi itulie.
Paja likiwa wazi, mshiriki alale kimya dakika 15 hadi 20. Washa kirekodi tangu mwanzo. Uko tayari pale kihisi A kinapobadilika chini ya 0.2 °C ndani ya dakika 5. Kama bado kinashuka, ongeza muda. Kuanza mapema ndilo kosa la wanaoanza tunalolikuta zaidi, na haliponyeki baadaye: ukikosa mwanzo wa kweli, hutaweza kusema ngozi imeshuka nyuzi ngapi.

8. Andaa pakiti wakati unasubiri.
Kilo 1 ya barafu iliyosagwa na mililita 300 za maji kwenye mfuko wa sentimita 20 kwa 25 hivi. Toa hewa yote, funga. Maji yana kazi mbili hapa: yanaufanya mfuko ukumbatie paja bila mapengo, na yanaishikilia pakiti kwenye 0 °C muda wote barafu ingalipo. Kilo moja ya barafu hufyonza kilojuli 334 inapoyeyuka, na inazifyonza bila yenyewe kupanda joto. Hilo ndilo linalofanya barafu inayoyeyuka iwe kipimo kizuri cha kulinganishia.

Barafu isiyo na maji, iliyotoka moja kwa moja kwenye friza, ni jambo jingine. Friza la kawaida huwa karibu −18 °C, na vipande vyake vinaweza kugandisha ngozi. Viache nje hadi ving'ae kwa maji, kisha tumia. Pakiti za jeli zilizokaa ndani ya friza zina hatari hiyohiyo, tena kubwa zaidi, kwa sababu jeli hubaki laini hata ikiwa chini ya sifuri na haitoi dalili yoyote mkononi mwako. Jeli lazima ipimwe joto la uso wake kabla, na iwekwe juu ya taulo.

9. Weka pakiti na hesabu dakika kuanzia mguso.
Amua mapema kama kutakuwa na taulo au hakuna, na liwe kavu au lenye maji. Taulo kavu huzuia baridi sana. Taulo lililoloweshwa na kukamuliwa huipitisha vizuri zaidi. Yote mawili yanakubalika, lakini ukibadilisha katikati ya mradi umeanza mradi mwingine. Funga bendeji kwa mizunguko ileile na mvuto uleule kila mara, kwa kuwa mgandamizo huongeza upoaji. Vihisi visitoboe mfuko.

Bonyeza alama ya tukio kwenye kirekodi, au andika saa, dakika na sekunde, papo hapo pakiti inapogusa ngozi.

10. Linda ngozi huku ukirekodi.
Muda wa kawaida ni dakika 15 hadi 20. Rekodi kila sekunde 5. Sekunde 10 zinatosha kama kirekodi ni cha zamani. Kila dakika 5 muulize mshiriki anahisi nini. Mfuatano wa kawaida ni baridi, kuchomachoma, kuuma, kisha ganzi. Maumivu yanayozidi badala ya kugeuka ganzi, ganzi inayotambaa mbali na pakiti, au ngozi nyeupe na ngumu kama nta ukiinua ukingo: ondoa pakiti mara moja, hata kama data zinaharibika. Kihisi kikionyesha chini ya 5 °C, ondoa pia. Ngozi ya mtu ni yake, data ni zako.

11. Ondoa pakiti, usizime kirekodi.
Weka alama nyingine ya tukio. Futa maji kwa kugusiza taulo kavu bila kusugua, kwa sababu kusugua huongeza joto na maji yaliyobaki hupoza yakikauka. Mshiriki aendelee kulala vilevile angalau dakika 30, na bora 60. Ngozi hupanda haraka dakika za mwanzo halafu hukokota, na mara nyingi saa nzima hupita kabla haijarudi ilipoanzia. Hii ndiyo nusu ya kipimo ambayo wengi huikata kwa sababu mshiriki amechoka. Mwambie muda kamili tangu siku ya kumwalika.

12. Maliza kwa kukagua tena.
Bandua vihisi, kagua ngozi na uandike rangi yake. Rudisha vihisi kwenye themosi ya barafu. Kama kimoja kimehama zaidi ya 0.2 °C kutoka ukaguzi wa asubuhi, data zake za siku hiyo ziwekewe alama. Hifadhi faili ghafi lisiloguswa, na fanya hesabu kwenye nakala.

Kama una infraredi tu

Kipimajoto cha infraredi au kamera ya joto haioni kupitia pakiti. Kwa hiyo utapata kabla na baada, na hutapata kilichotokea kati yake. Hilo si baya ukilisema wazi.

Weka emisiviti (kiwango cha uwezo wa uso kutoa mionzi ya joto) 0.98, ambayo ni ya ngozi. Lenga moja kwa moja, si kwa mshazari. Soma uwiano wa umbali na doa ulioandikwa kwenye kifaa: kwa uwiano wa 12 kwa 1, ukisimama sentimita 24 unapima duara la sentimita 2, ukirudi hadi sentimita 60 duara ni sentimita 5, na ukingo wa ngozi yenye joto umeshaingia. Nukta nyekundu ya leza huonyesha katikati tu, haionyeshi ukubwa wa duara.

Baada ya kuondoa pakiti, kausha kwa kugusiza na upime ndani ya sekunde 10 hadi 15. Ukichelewa dakika moja unapima ngozi inayopanda. Maji yakibaki juu ya ngozi, kamera inapima maji.

Kamera iwashwe dakika 10 au zaidi kabla ya kazi ili itulie. Kamera nyingi zina usahihi wa ±2 °C, kwa hiyo weka ndani ya picha kitu chenye joto linalojulikana, mfano bakuli la barafu na maji lililokorogwa. Ili eneo lilelile lilinganishwe picha hadi picha, bandika vipande vidogo vya karatasi ya alumini kwenye pembe nne za eneo. Alumini haitoi mionzi ya joto kama ngozi, hivyo huonekana kama madoa yenye rangi tofauti, na unachora mraba wako kati yake.

Kama ni maji baridi badala ya pakiti

Maji ya 10 hadi 15 °C kwa dakika 10 hadi 15 ndiyo yanayotumika sana. Koroga kila dakika: mwili hutengeneza ganda jembamba la maji ya vuguvugu kuuzunguka, na maji yaliyotulia ya 12 °C hupoza ngozi kidogo kuliko maji yanayotembea ya joto hilohilo. Weka vihisi viwili vya maji, kimoja karibu na uso na kimoja chini. Barafu ya kupozea ikae kwenye wavu pembeni, isigonge mguu. Vihisi vya ngozi vifunikwe kwa filamu nyembamba isiyopitisha maji. Maji yakipenya chini yake, unachopima ni beseni.

Ukipima vidole, tarajia jambo la ajabu kidogo. Baada ya dakika 5 hadi 10 kwenye maji baridi sana, joto la kidole linaweza kupanda lenyewe, kushuka, na kupanda tena. Thomas Lewis alilieleza mwaka 1930. Mishipa ya damu hufunguka kwa vipindi kukilinda kidole. Kihisi chako hakijaharibika.

Hesabu za kuripoti

Mwanzo ni wastani wa dakika 2 za mwisho kabla ya mguso. Kutoka hapo ripoti kiwango cha chini kabisa, dakika kilipofikiwa, kushuka kwa dakika 5 za kwanza, dakika ambazo ngozi ilikaa chini ya 13.6 °C, na nusu-muda wa kurudi. Nusu-muda hupatikana hivi: mwanzo 31.4, mwisho wa barafu 11.8, tofauti 19.6, nusu yake 9.8, kwa hiyo tafuta dakika ambayo ngozi ilifika 21.6. Ni kipimo bora kuliko "muda wa kurudi kabisa", kwa sababu sehemu ya mwisho ya mstari karibu imelala na dakika 10 za kosa hupotea humo bila kuonekana.

Ripoti isiyotaja joto la chumba, uzito wa barafu, kuwapo kwa taulo, aina ya kihisi na plasta, na unene wa mkunjo wa ngozi haiwezi kurudiwa na mtu mwingine.

Mambo yakienda kombo

*Joto linapanda ulipotarajia lishuke.* Kwa themokapo, waya zimegeuzwa. Bana ncha kwa vidole: namba ikishuka, badilisha waya kwenye kiunganishi.

*Vihisi vyote vinahama pamoja, polepole.* Tazama kirekodi, si mshiriki. Themokapo hupima tofauti kati ya ncha na kiunganishi kilicho ndani ya kirekodi. Kirekodi kilichowekwa kando ya ndoo ya barafu au mbele ya feni hupotosha njia zote kwa wakati mmoja. Kihamishe, kisubiri dakika 20.

*A na B zinapishana zaidi ya nyuzi 3 chini ya pakiti moja.* Kuna pengo la hewa, au kipande kimoja cha barafu kimekaa juu ya kihisi. Saga barafu ndogo zaidi, ongeza maji.

*Namba zinarukaruka.* Kiunganishi kimelowa, waya unavutwa, au kuna chaja ya simu karibu. Kausha, tegemeza waya kwa plasta ya pili, ondoa chaja.

*Ngozi haishuki chini ya 18 °C hata baada ya dakika 20.* Angalia kwanza taulo kavu au tabaka la bendeji kati ya pakiti na ngozi, kisha kama barafu imekwisha kuyeyuka.

*Ngozi imeshuka mno, 3 au 4 °C, na mshiriki anasema ni baridi ya kawaida tu.* Ondoa pakiti kwanza, halafu tafuta sababu. Huenda kihisi kinasoma pakiti. Angalia sekunde 10 za kwanza baada ya kuondoa: kikiruka nyuzi 3 au 4 ndani ya sekunde hizo, kilikuwa kimegusana na pakiti kuliko ngozi, maana kihisi huruka kwa sekunde wakati ngozi hupanda kwa dakika. Tumia kihisi chembamba zaidi, au weka taulo jembamba lenye maji juu yake, na usizitumie namba za chini ya pakiti za siku hiyo. Kikipanda taratibu, kipimo kilikuwa cha kweli: ngozi hiyo ilipoa kuliko ulivyopanga, kwa hiyo ichunguze mara moja na tena baada ya saa moja, na siku inayofuata punguza muda.